Seva Iliyojiita Hiyohiyo

Wadogo zangu wa chumba cha kompyuta, mimi ni mstaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, na wiki ijayo naondoka Mbinga kwenda kusoma kidato cha tano mkoa wa mbali. Kwa hiyo kazi yangu ya kutunza seva ya kikundi cha wakulima wa kahawa imefika mwisho. Mwenyekiti wa kikundi, Mzee Nombo, alisema mbele ya watu kwamba anayeacha kazi kwa heshima ni mstaafu hata kama hana mvi. Wakapiga makofi. Mimi nikaangalia vidole vya miguu yangu mpaka wakachoka.

Mnanijua. Ninyi ndio mnaosema "Dada Skola haongei," na mnasema kweli. Nikisimama mbele ya watu maneno yanarudi tumboni. Ndiyo maana nawaandikia, kama ninavyoandika kila jioni kwenye daftari langu, ambalo halijawahi kuniambia "ongeza sauti." Lakini mbele ya seva sina aibu hata chembe. Katika kazi hii najua ninachosema, na ninyi mtakaonirithi nisikilizeni.

Seva yenyewe mmeiona. Ni kompyuta ya kawaida, haina hata kioo kizuri, imekaa kwenye kona ya ofisi ya kikundi chini ya picha ya Bikira Maria. Kazi yake ni kama ya karani wa posta: inapokea barua pepe za kikundi, za zahanati na za shule yetu, na inatuma zinazokwenda kwa watu wengine. Mwalimu wetu alinipeleka pale nikiwa kidato cha pili. Alimwambia katibu wa kikundi, Mama Kapinga, "Chukueni huyu, hatawasumbua, haongei." Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Mohamedi, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Mbinga kutoka Tanga. Alikuwa akija kutusaidia jioni baada ya saa za kazi, amevaa koti na kofia ya sufu, akilalamika. "Ati hii nayo mwaiita hali ya hewa? Hii ni adhabu." Siku ya kwanza alimkuta Mzee Nombo ameshika swichi ya ukutani, maana dawa ya Mwenyekiti kwa kila ugonjwa wa mashine ilikuwa zima, washa.

"Mwenyekiti," Bwana Mohamedi akamwambia, "ng'ombe wako akigoma kula, wamzima ukamwasha?"

"Ningekuwa na swichi yake ningejaribu," Mzee Nombo akajibu.

Bwana Mohamedi akanigeukia. "We Skola, sikiliza. Mashine haifi kimya. Kabla ya kuigusa, soma imesema nini." Akanionyesha mahali seva inapoandika yenyewe kila inalofanya na kila inaloambiwa. Mafundi tunapaita logi. Nilipapenda papo hapo. Nilikuwa nimekutana na mwenzangu: haongei, lakini anaandika kila kitu.

Zamani, yaani nilipokuwa kidato cha pili, barua nyingi za kikundi bado zilikwenda kwa kumkabidhi dereva wa basi. Watu walikuwa wakiniambia dereva ana faida moja: ukimuuliza barua iko wapi, anakujibu. Seva nayo inajibu, ila lazima ujue kuuliza. Anza na lililo karibu. Je, barua ya humu ndani, kutoka ofisini kwenda zahanati, inafika? Kama inafika, mashine ni nzima. Je, barua za nje zinaingia? Kama zinaingia, njia ya mtandao ni nzima. Kama zinaingia lakini hazitoki, angalia foleni, pale zinapokaa zikisubiri. Nawaambia mtoke ndani kwenda nje, kama mnavyotafuta mbuzi: kwanza zizini, halafu uani, halafu kwa jirani. Wengi huanzia kwa jirani, tena kwa kumtuhumu.

Na kitu kingine ambacho hakimo kitabuni: watu huandika walichosikia. Hilo nilijifunza kule Lipingo, ufukweni Ziwa Nyasa. Kina mama wanaoanika dagaa walilalamika kwamba barua zao kwetu hazifiki, wakasema seva yetu ina dharau za watu wa milimani. Mimi na Mama Kapinga tukashuka kwa gari la mizigo, masikio yakiziba kwa mteremko. Nilipofika sikugusa kompyuta yao. Nikamwomba katibu wao aandike anwani yetu mbele yangu. Akaandika jina letu vizuri kabisa, halafu badala ya ile alama ya a iliyozungushiwa mkia, akaandika herufi tatu: e, t, i.

"Mama, hii 'eti' ni ya nini?" nikamuuliza kwa sauti ambayo ilibidi Mama Kapinga airudie.

"Si mlinisomea wenyewe kwenye simu? Kahawa, eti, na jina la kikundi. Mimi nikasema haya, eti."

Alikuwa na haki. Aliyemsomea ni Mama Kapinga mwenyewe, na alama ile kwa Kiingereza hutamkwa karibu hivyo hivyo. Tulicheka mpaka dagaa wakasahaulika juani. Nilirudi na mfuko wao wa zawadi, na Mama Kapinga akaniapisha nisimwambie Mwenyekiti. Sijamwambia. Nimewaambia ninyi.

Sasa niwape kisa chenyewe, kile ambacho kila mtu anakisimulia kwa kukosea.

Mwishoni mwa masika radi ilipiga, seva ya zamani ikaungua. Bwana Mohamedi akaja mchana mmoja mimi nikiwa darasani, akajenga mashine nyingine na kurudisha barua zote za zamani. Akasafiri kwenda Songea kwa mafunzo. Hakuna aliyeona tatizo, maana ofisi iliandikia zahanati, zahanati ikaandikia shule, shule ikaandikia ofisi, zote zikafika. Hizo ni barua za humo humo ndani ya mashine. Ni kama familia inayosalimiana mezani. Haithibitishi kwamba barabara inapitika.

Kisha ikaja barua ya mnunuzi. Huyu alikuwa mtu wa ng'ambo aliyeonja sampuli ya kahawa yetu ya Mapera na vijiji vya jirani, akaipenda, akataka kununua moja kwa moja kwa kikundi kwa mara ya kwanza. Akaleta mkataba, akaomba urudishwe umesainiwa. Mama Kapinga akautuma. Kimya. Mnunuzi akaandika, "Mbona sijapata kitu?" Mama Kapinga akautuma tena. Kimya. Kila alipotuma alibonyeza kwa nguvu zaidi, kama anayegonga mlango wa kiziwi. Mwisho mnunuzi akaandika kwamba nafasi ya kahawa yetu melini ataishikilia mpaka Ijumaa, baada ya hapo atachukua kahawa ya wengine.

Mtauliza, kwa nini msitumie anwani nyingine, zile za bure za kwenye simu? Tuliuliza pia. Mnunuzi alikuwa amewahi kutapeliwa na mtu aliyejifanya kikundi cha wakulima kwa anwani ya bure, kwa hiyo alitaka barua itoke kwenye anwani yetu wenyewe, basi. Tukampigia simu. Akajibu kwa adabu kwamba sauti haiwekwi sahihi.

Nilipotoka shule Alhamisi nikamkuta mama yangu amekaa kwenye benchi la ofisi, kanga mabegani, mikono mapajani. Mama si mtu wa kukaa benchi wakati kahawa iko kwenye vichanja. Lazima niwaeleze. Kwetu kuna jambo linaitwa magoma: mwenye fedha anakuja nyumbani njaa ikiwa imekushika, ananunua kahawa yako ingali mtini, kwa bei yake, na mavuno yakifika unamchumia ilhali si yako tena. Mama aliuza magoma miaka mingi. Mwaka ule alimfukuza yule mtu uani kwetu, majirani wakisikia. Alimwambia, "Mwaka huu kahawa yangu inapanda meli, wewe panda pikipiki yako." Sasa meli ilikuwa inaondoka, na yule mtu alikuwa ameshapita njiani kwetu mara mbili, polepole, akisalimia kwa upole sana.

"Skola mwanangu," Mama akasema, "ni kweli hiyo mashine imekataa?"

"Shikamoo, Mama. Bado sijaiuliza."

"Marahaba. Basi iulize."

Mzee Nombo alikuwa ameshaanza kunyanyuka kuelekea swichi. Nikasimama mbele yake. Akakaa.

Nikaanza zizini. Nikatuma barua kwenda zahanati: imefika. Barua za nje zinaingia? Zinaingia, hata ile ya mnunuzi iliingia. Nikafungua foleni, na hapo moyo ukatulia, msishangae. Barua zote za Mama Kapinga zilikuwemo, moja nyuma ya nyingine. Ninyi mmelima ngolo, yale mashimo yetu ya mlimani. Mvua ikinyesha maji hayaporomoki bondeni, yanakaa shimoni yakisubiri. Barua zilikuwa ngoloni. Hazijapotea.

Kisha nikafungua logi. Mstari ule ule ulijirudia ukurasa mzima, kwa Kiingereza, na maana yake ni hii: "Salamu imekataliwa. Hiyohiyo haijulikani. Jaribu tena baadaye."

Nikausoma tena. Nikageuka.

"Mama Kapinga, seva yetu inaitwaje?"

"Si inaitwa Mapera? Tangu ile ya zamani."

"Yenyewe inasema inaitwa hiyohiyo."

"Hiyo hiyo ipi?"

"Hiyohiyo."

"Sasa si nakuuliza, hiyo hiyo ipi?"

"Mnazungumzia mashine ipi?" Mzee Nombo akauliza.

"Hiyo hiyo!" tukamjibu wote wawili.

Mama Kapinga akaweka kiganja mdomoni. "Yesu na Maria," akasema kupitia vidole. Siku ile Bwana Mohamedi anajenga mashine, yeye alikuwa nje anageuza kahawa kwenye vichanja. Bwana Mohamedi akapaza sauti dirishani, "Mama Kapinga, hii mashine niipe jina gani?" Naye, akimaanisha lile lile la zamani, akajibu bila kugeuka, "Hiyo hiyo!"

Nikampigia Bwana Mohamedi Songea. Nilipomweleza nikasikia mtu anakohoa kwa kicheko.

"Lo! Mwanangu, mimi nilidhani mashine mpya mwaipa jina jipya, la Kimatengo, lugha yenu! Nikasema moyoni, watu hawa wana majina matamu. Nikaliandika, nikalirudia njia nzima nikienda nyumbani nisilisahau. Hiyohiyo!"

"Bwana, Mama yangu yuko hapa," nikasema. "Kesho ni Ijumaa."

Akaacha kucheka. "Basi tusifanye haraka. Umelionaje wewe?"

Hapa niwaambie kitu. Bibi yangu wa Mapera hafungui mlango ovyo. Tangu nikiwa mdogo nikipiga hodi, anauliza, "Nani?" Nami kwa aibu yangu najibu, "Mimi." Anauliza tena, "Mimi nani? Mimi hana ukoo. Hata mbuzi akisukuma mlango anasema mimi." Nasimama hapo nje, kuku wananizunguka, mpaka niseme jina langu, la baba yangu, na nimetoka wapi. Nilimwona mkali tu. Lakini seva zinafanya vivyo hivyo. Barua pepe haianzi na barua, inaanza na hodi. Seva yako inafika kwa seva ya mwenzako, inasalimia na kujitaja. Na jina lazima liwe kamili: jina la mashine, nukta, jina la kikundi, nukta, nchi. Mwenyeji akilisikia anakwenda kuuliza kwenye daftari kubwa la majina la mtandao kama mtu huyo yupo. Kwenye daftari hilo alikuwepo Mapera wetu. Hiyohiyo hakuwepo, hana baba, hana kijiji. Kwa adabu wakamwambia arudi baadaye, naye kwa utii akawa anarudi na kujitaja vile vile.

Nikamweleza Bwana Mohamedi hivyo, kuku na yote. Akasema, "Bibi yako angefaa kazi. Haya, lakini fundi hakisii. Hakikisha kwanza."

Kuhakikisha ni hivi, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Unaweza kuiweka seva pembeni na kwenda kupiga hodi wewe mwenyewe, kwa vidole vyako, ukiandika maneno ambayo seva ingeyasema. Nikafungua mlango wa barua wa seva ya mnunuzi. Wa upande wa pili akanisalimia. Kumbe njia iko wazi, kampuni ya mtandao haijatufungia, acheni kuwalaumu. Nikaandika salamu nikijiita hiyohiyo, nikamtaja ninayemwandikia. Nikakataliwa. Nikaanza upya. Safari hii nikaandika jina kamili, Mapera, nukta, kikundi, nukta, nchi. Jibu likaja: karibu, endelea.

"Amesemaje?" Mama akauliza.

"Amesema karibu."

"Basi ingia," akasema Mama.

Bwana Mohamedi akaniongoza kwenye simu mpaka mahali pa kuandika jina la mashine. "Sasa futa hilo, uandike lile jina la zamani." Mama Kapinga akafungua mdomo kusema neno.

"Nyamaza, Mama!" Mzee Nombo akamzuia. "Litaandikwa!"

Nikaandika Mapera, herufi kwa herufi, nikizitaja kwa sauti ili wote wasikie. Nikaiwasha upya huduma ya barua, ile huduma tu, si mashine nzima, ingawa Mwenyekiti alifurahi aliposikia neno kuwasha. Kisha nikaiambia foleni, haya, nendeni.

Hapo mjifunze kutoka kwangu: kabla ya kufungua foleni, ondoeni nakala. Mimi sikukumbuka. Ngolo ikipasuka ukingo haitoi maji kwa kijiko. Barua zote za Mama Kapinga zilitoka kwa mpigo, mkataba ule ule, kila mmoja na neno lake la juu. Wa kwanza ulianza "Mheshimiwa, salaam." Wa mwisho, alioutuma akiwa amekata tamaa, ulianza "Ndugu, wewe ni mzima kweli?"

Tukasubiri. Mzee Nombo alikuwa akitazama seva kama mtu anayesubiri ichemke. Mama hakunyanyuka kwenye benchi. Nje walikuwa wanafunika kahawa vichanjani, wingu lilikuwa limesimama juu ya mlima, na mimi nilikuwa najua kwamba upande wetu hakuna kilichobaki kufanywa. Hilo ndilo pumziko la fundi, mtalionja.

Jibu likaingia kabla ofisi haijafungwa. Nikalisoma kwa Kiswahili, nimesimama, kwa sababu Mama alisema hasikii nikikaa. Mnunuzi alisema mkataba ameupata, pamoja na wadogo zake wote. Alisema yeye ni mzima, anashukuru kwa kuulizwa. Na nafasi ya kahawa yetu melini ni yetu.

Mama hakupiga vigelegele. Alifunga kanga kiunoni. "Nakwenda kugeuza kahawa," akasema. "Wewe pita kwa Bibi umwambie, naye ana gunia lake humo. Na yule wa pikipiki ukikutana naye, msalimie vizuri."

Hiyo ndiyo kazi ninayowaachia. Bwana Mohamedi amebandika karatasi juu ya seva: "JINA LANGU NI MAPERA. USIULIZE DIRISHANI." Msiitoe. Swichi ya ukutani nimeomba ifunikwe kwa kisanduku, na ufunguo asipewe Mwenyekiti hata akiomba kwa upole. Logi isomeni kila asubuhi, hata siku ambayo hakuna anayelia. Na mkikwama, msimwogope mwenye barua aliyekaa benchini. Mwambieni bado hamjaiuliza mashine, kisha nendeni mkaiulize.

Jioni ile nilipanda kwa Bibi kama Mama alivyonituma. Kuku walikuwa wameshaingia. Nikapiga hodi.

"Nani?"

"Ni Skolastika, binti wa Ndunguru, wa hapa hapa Mapera, natoka kwenye seva."

Kisha nikasikia komeo linatolewa.

"Seva ni ukoo gani huo?" Bibi akauliza, akinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani. "Haya, pita. Kumbe sauti unayo."